Sebuleni kwako unatumia wati ngapi kweli? Sisi tumepima kwa mita, majibu haya hapa

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za leo. Naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa bei za sabufa, maana hapa sizungumzii bei wala maduka. Nazungumzia wati.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipitia nyumbani ili nimsindikize Kariakoo akanunue amplifaya ya wati 600. Sebule yake ni mita 4 kwa 5. Spika zake ni jozi ndogo ya kuweka juu ya stendi, ukinzani wa omu 8, sensitiviti ya desibeli 87, na nyuma zimeandikwa mwisho wati 80. Amplifaya aliyonayo inatoa wati 30 kila upande, na ameshajiaminisha kwamba muziki wake hauna nguvu kwa sababu ya hizo 30. Nikamwambia: kabla hatujapanda daladala, tupime kwanza unazotumia sasa hivi. Hatukwenda tena Kariakoo.

Tulivyopima ni hivi, na kila mmoja anaweza kufanya kwake. Unahitaji maltimita ya kawaida ya fundi na mlio wa majaribio. Mlio tuliutengeneza kwenye Audacity, programu ya bure: unachagua toni, unaweka hezi 120, ukubwa unaandika 0.25. Hiyo 0.25 ni robo ya volti ya juu kabisa ambayo rekodi inaweza kubeba, yaani desibeli 12 chini ya kilele.

Weka wimbo unaoujua vizuri. Pandisha volyumu mpaka pale unaposema "hapa ndipo mwisho wangu, zaidi ya hapa sikai". Sasa usiguse volyumu tena. Zima amplifaya, chomoa nyaya za spika, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyekundu na nyingine kwenye nyeusi ya upande uleule. Washa, piga ule mlio kutoka chanzo kilekile ulichopigia wimbo, soma mita. Namba uliyopata zidisha kwa 4, jibu lizidishe kwa lenyewe, halafu gawa kwa omu za spika. Hizo ndizo wati za RMS (zile inazoweza kutoa mfululizo) ambazo amplifaya inatakiwa iwe nazo ili kwa volyumu hiyo isipasue hata mahali wimbo unapogonga kwa nguvu kuliko pengine pote.

Kama amplifaya yako ni ya vali, zile za zamani zenye taa za kioo, usichomoe spika kabisa, itaharibika. Hizi zetu za transista hazina shida.

Kwa volyumu ya kila siku jioni, watoto wakiwa wanafanya homuweki, mita ya mdogo wangu ilisoma volti 0.9. Mara 4 ni 3.6, mara yenyewe ni kama 13, gawa kwa 8: wati 1.6. Akaniambia nimekosea, turudie. Tukarudia, ikatoka hiyohiyo. Tukapandisha mpaka kiwango chake cha Jumamosi, kile ambacho mkewe hutoka chumbani kuja kuuliza kulikoni. Volti 2.9. Hesabu inatoa wati 17.

Na hizo 17 ni za vilele tu. Muziki haukai kwenye kilele, unakigusa na kushuka, tena kwa nyimbo nyingi wastani wake uko desibeli 10 hadi 12 chini. Desibeli 12 chini ni sehemu moja ya 16. Kwa hiyo ile Jumamosi ya kutikisa madirisha, wastani wa umeme uliokuwa unaingia kila spika ulikuwa kama wati 1. Moja, wakuu.

Sensitiviti ya desibeli 87 maana yake ukiipa spika wati 1, ukasimama mita 1 mbele yake, unapata desibeli 87, ambazo ni sauti kubwa, mtu wa karibu itabidi umpazie sauti ili akusikie. Ukitaka kuongeza desibeli 3, wati zinakuwa mbili. Tatu nyingine, 4. Halafu 8, 16, 32, 64. Kila hatua inakula mara mbili ya iliyotangulia, na sikio kila hatua linasema "imepanda kidogo". Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara 10. Anayetoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100, spika zikiwa zilezile, amenunua desibeli 3.

Ukikaa mbali, sauti inapungua. Uwanjani kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Sebuleni kuta zinakurudishia sehemu yake, na spika ziko mbili, kwa hiyo kwenye kochi la mita 2 na nusu hupotezi nyingi.

Pesa ya mdogo wangu nimemshauri aitie kwenye spika. Kati ya spika ya desibeli 84 na ya 90 kuna tofauti ya wati mara 4. Klipschorn ya Marekani, lile pembe kubwa la kuweka kona ya chumba lililotoka mwaka 1946, ina sensitiviti ya zaidi ya 100. Ile LS3/5A ndogo ya BBC iko kama 83. Ziweke sebule moja, kubwa ikila wati 1 na ndogo ikila 50, bado kubwa inaweza kusikika zaidi.

Kuna mfano mwingine naupenda. Mwaka 1978 kampuni ya NAD walitoa amplifaya inaitwa 3020, wati 20 kila upande. Wati 20 tu, na ikawa miongoni mwa amplifaya zilizopendwa sana duniani, kwa sababu ilikuwa na akiba ya kusukuma zaidi kwa muda mfupi pale wimbo unapogonga, na ilizishika spika ngumu kuzisukuma bila kulegea.

Naomba mpime, mlete namba zenu hapa. Nawasilisha.

#2

Mkuu asante kwa somo, ila mimi umenichanganya. Sabufa yangu imeandikwa PMPO wati 8000 kwenye boksi na kwa mbele. Sasa unataka kuniambia kwamba natumia wati 1 kati ya 8000? Hizo nyingine zinaenda wapi?

#3 · Mleta uzi

Mkuu, haziendi popote kwa sababu hazikuwepo. Tuanzie kwenye LUKU. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa 1. Sabufa ingekuwa inakula wati 8000, uniti moja ingekwisha kwa dakika 7 na nusu. Sasa jiulize, ukipiga muziki kwa muda wa saa 3, mita yako inaondoa uniti 24?

Halafu angalia plagi. Ile ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13 mwisho. Zidisha na volti 230 upate kama wati 3000. Hata hiyo sabufa ingetaka kula 8000, fyuzi ingekatika kwanza.

Igeuze nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Kuna kibandiko kidogo kinachosema inavuta wati ngapi kutoka ukutani. Mimi niliwahi kununua ya "wati 5000", nyuma ikasema 60. Kutoka hizo 60 toa joto: amplifaya za kawaida zenye kipoozeo kikubwa cha alumini hupoteza kama nusu, zile mpya za daraja D hupoteza kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo inayobaki ni kati ya wati 30 na 50, ukijumlisha spika zote. Namba hiyo inaheshimika, ila dukani sikuambiwa hiyo, na pesa niliyotoa ilikuwa ya 5000. Bado inaniuma, kwa sababu ningejua ningeulizia spika.

Marekani walikuwa na ugonjwa huohuo. Kila kampuni ilikuwa inatangaza wati za kilele za namna yake, mpaka serikali ikatunga kanuni mwaka 1974 kwamba wati zinazotangazwa kwa vifaa vya nyumbani ziwe zile za kuendelea kutoka, na useme ni kwa omu ngapi na sauti imechafuka kiasi gani. Huku kwetu namba inayofaa kuisoma ni RMS, na ikiambatana na omu ndiyo bora. PMPO, ile namba ya matangazo kwenye boksi, ipite kama ilivyo.

#4

Mimi ni fundi redio, mwaka wa 19 huu kwenye kazi. Mleta uzi yuko sahihi na nitaongeza la kwetu benchi.

Wateja wengi wanaleta redio ya gari niwafungie nyumbani na pawa saplai au bateri ya sola. Imeandikwa 50 mara 4. Wanategemea wati 200. Ndani ya redio hiyo hakuna kinachopandisha volti, ina ileile ya bateri, 14.4 gari likiwaka. Kilele cha 14.4 gawa kwa 1.414 unapata 10.2. Mara yenyewe 104. Gawa kwa omu 4, ni 26. Hapo bado hujatoa zinazobaki ndani ya IC, ile chipu ya amplifaya. Halali yake ni 18 mpaka 20 kila spika. Bateri ikiwa 12 tupu, zinashuka tena.

Na bodi za 4440 mnazoziona kila banda, ile IC ni wati 6 kila upande, au 19 ukiziunganisha pande zote zivute spika moja. Nimefunga 4440 kwenye boksi kubwa la mbao lenye spika nzuri ya inchi 10, mtaa mzima unauliza ni amplifaya gani. Ni zile 19. Boksi na spika ndivyo vilivyofanya kazi.

Mteja akitaka kujua amplifaya ina nguvu kweli, huwa namwambia ainyanyue. Ya transfoma, kama ni nyepesi kama boksi la viatu, namba ya mbele asiisome. Isipokuwa hizi za daraja D zenye adapta, hizo nyepesi kwa asili yake, soma adapta: volti mara ampea, huwezi kupata zaidi ya hapo.

#5

Napingana na wewe mleta uzi. Nilikuwa na amplifaya ya wati 40, nikahamia ya 200, spika hazikubadilika. Hata kwa sauti ya chini kabisa muziki umejaa, besi imekaa, ile ya zamani ilikuwa nyembamba. Masikio yangu hayanidanganyi. Wati hazitumiki zote lakini zikiwepo zinasikika.

#6 · Mleta uzi

Mkuu sikubishii ulichosikia, nakuomba jambo moja. Mita ipo, basi itumie. Piga ule mlio kwenye amplifaya ya kwanza, weka volyumu mpaka isome volti 1. Hamia kwenye ya pili, nayo ifikishe volti 1. Sasa sikiliza zote mbili bila kugusa volyumu, na vitufe vya besi na treble vikiwa katikati. Sababu ni kwamba ikizidi hata desibeli 1, sikio halisemi "imezidi", linasema "imejaa". Kitufe cha volyumu cha amplifaya mbili tofauti kikielekea mahali palepale hakimaanishi sauti moja.

Ikibaki tofauti baada ya hapo, nitakuamini, na sababu nayoijua ni omu. Spika ya omu 8 haikai 8 kila mahali. Kuna noti inashuka mpaka 5 au 4, na amplifaya yenye pawa saplai dhaifu inachoka hapo. Ya kwako ya 200 pengine ina transfoma ya maana na ile ya 40 haikuwa nayo. Hapo ulichonunua ni uwezo wa kumwaga ampea spika inapodai, na mtengenezaji mwingine anaweza kukupa huo ndani ya amplifaya ya wati 40. Tazama kama wati zinakaribia mara mbili ukitoka omu 8 kwenda 4. Zikikaribia, pawa saplai ni nzima.

#7

Salaam kutoka Mombasa. Uzi mtamu huu. Lakini ndugu yangu, sisi huku twasikiza amapiano na ile besi ya chini kabisa, tena baraza huwa wazi, hakuna kuta. Nikipandisha besi kidogo tu yaanza kukoroma. Amplifaya ni ya wati 50. Hapo pia utaniambia wati mbili zatosha?

#8 · Mleta uzi

Wa alaykum salaam ndugu. Hapana, kwako hazitoshi, na swali lako ndilo lenye utajiri kuliko yote yaliyoulizwa, kwa hiyo nivumilie nirefushe.

Kitufe cha besi ukikizungusha mpaka mwisho kwa kawaida kinaongeza kama desibeli 10. Desibeli 10 ni wati mara 10. Ulikuwa unatumia 5, besi imefika, sasa zinatakiwa 50, na volyumu hujaigusa. Hicho kitufe ndicho kinachomaliza amplifaya nyingi za nyumbani. Ndiyo maana ukipima nawe umepandisha besi, mlio wa hezi 120 utakudanganya, tengeneza wa hezi 50.

Spika yenyewe nayo ina kikomo chake. Ili koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, itoe sauti ya ukubwa uleule, ukishuka oktavu moja, mfano kutoka hezi 80 hadi 40, inabidi itembee mara 4 zaidi mbele na nyuma. Spika ndogo ya inchi 5 haina safari hiyo. Unaposikia inakoroma, mara nyingi koni imefika mwisho wa njia, na ukileta amplifaya ya wati 600 unaisukuma igonge kwa nguvu zaidi. Mzee J. Anton Hofmann, ambaye ndiye ile H ya kampuni ya spika ya KLH, alieleza jambo ambalo watengenezaji mpaka leo wanaliita sheria ya chuma: boksi dogo, besi ya chini, na sensitiviti kubwa, chagua mawili. Anayekuuzia vyote vitatu ndani ya kiboksi cha kubeba mkononi amekuficha kitu.

Kwa baraza la wazi ningefanya hivi. Zile wati 50 ziachie spika zako kwa sauti za juu na za kati, na besi uipe sabufa ya inchi 10 au 12 yenye amplifaya yake ndani, ya wati 100 za RMS au zaidi. Hapo wati nyingi zina kazi ya kweli, maana nje hakuna ukuta wa kukurudishia, kila umbali ukiongezeka mara mbili desibeli 6 zimekwenda. Sabufa isogeze kwenye kona ya ukuta wa nyumba badala ya katikati ya baraza. Kona inakuongezea besi bure, bila hata wati moja. Jaribu hiyo leo kabla hujatoa shilingi.

Na kwa harusi, usitumie hesabu za uzi huu. Watu 200 nje ni habari nyingine kabisa.

#9

Mimi niliunguza twita (vile vispika vidogo vya sauti za juu) zote mbili kwa amplifaya ya wati 25, spika za wati 100. Kila mtu ananiambia haiwezekani, ndogo haiwezi kuunguza kubwa. Ilikuwaje?

#10 (fundi wa #4)

Inawezekana na nazipokea kila mwezi. Hiyo 100 ni ya spika nzima, twita peke yake inavumilia wati chache tu, kwa sababu kwenye muziki safi sehemu inayofika kwake ni ndogo. Wewe ulifungulia amplifaya ya 25 mpaka ikaanza kukata vichwa vya mawimbi. Wastani ambao ulitakiwa kuwa wati 2 ukapanda ukawa 15 na zaidi, na sauti iliyokatwa inazaa makali mengi yanayokimbilia twita. Waya wake ni mwembamba kama unywele, umepata moto muda mrefu bila kupumzika.

Sauti ikianza kupasuka shusha palepale. Usisubiri wimbo uishe.

#11

Samahani naingilia. Mume wangu ana umri wa miaka 41, masikio yanamlia kengele kila akilala. Chumba chetu kidogo na redio iko mita moja na nusu kutoka alipokaa. Hizo desibeli ngapi ndiyo hatari?

#12 · Mleta uzi

Dada, kwanza aende kliniki ya masikio, kengele zikidumu haifai kusubiri.

Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanyika nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Sasa kumbuka nilichoandika juu, desibeli 3 ni wati mara mbili. Kila anapozidisha wati mara mbili, muda wa masikio yake unakatwa nusu. Na kwa mita moja na nusu, spika mbili za kawaida zikipata wastani wa wati 1 kila moja, ameshazidi 85. Kuna programu za simu za kupima desibeli, hazina uhakika kama kifaa chenyewe lakini zitakuonyesha kama yuko 75 au 95. Iweke simu pale kichwa chake kinapokuwa.

Mwambie pia asogeze kiti. Kutoka mita 1.5 hadi 3 atapunguza desibeli kadhaa, na wimbo atausikia wote.

#13 (wa #5)

Nimerudi. Nimepima zote mbili kwa volti 1 kama ulivyosema, shemeji ndiye aliyekuwa anabadilisha nyaya mimi nikiwa nimegeukia ukuta. Nyimbo sita. Nne sikuweza kusema ni ipi. Mbili nilipatia, zote zina besi ndefu ya chini. Kipimo cha volyumu yangu ya mwisho kwa mlio wa 120 kimesoma 2.3, spika ni omu 4.

#14 · Mleta uzi

Asante sana mkuu kwa kurudi na namba, na msalimie shemeji. 2.3 mara 4 ni 9.2, mara yenyewe ni 84.6, gawa kwa 4: wati 21. Ile ya 40 ilikuwa inatosha kwa karibu mara mbili, kama kweli inatoa 40 kwenye omu 4. Hizo nyimbo mbili zenye besi ndefu ndizo za kufuatilia. Rudia na mlio wa hezi 50, volyumu ileile, lakini safari hii acha spika ya upande mmoja ikiwa imeunganishwa na upime volti zake huku inapiga, sekunde tatu tu halafu uzime. Fanya hivyo kwa amplifaya zote mbili. Volti za ile ya 40 zikishuka spika ikiwepo kuliko ikiwa imechomolewa, na za ile ya 200 zisishuke, tutakuwa tumeipata sababu.